Jina la Kumi

Mwalimu Kanga alikuwa na wanafunzi tisa, lakini kila asubuhi aliita majina kumi. La mwisho lilikuwa la Konokono, aliyeandikishwa mwaka juzi na hajafika bado. Akishaliita, Kanga hutazama njia kwa muda mrefu.

Siku moja Mkaguzi Swala aliingia darasani kwa mruko mmoja, akahesabu vichwa.

"Tisa. Wasipotimia kumi, shule nafunga."

"Wa kumi yuko njiani, mheshimiwa."

"Miaka miwili?" Swala akacheka, akawatoa wote, akatia kufuli, akatoka mbio.

Jioni Kanga alisimama mlangoni peke yake, akaita lile jina kwa mazoea.

"Nipo, mwalimu," sauti ikajibu miguuni pake. "Nimefika tangu asubuhi. Kuna bwana mmoja kaniruka."