Wawili Tu, Kocha

Kinyozi alizima mashine wakati kichwa cha kocha wa timu ya taifa kimenyolewa upande mmoja tu.

"Imepata moto," alisema, akaipuliza. "Tuiache ipumzike kidogo."

Kocha alijitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto alikuwa bwana nadhifu, upande wa kulia kama mtu aliyeamka sasa hivi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo. Saa kumi kamili alitakiwa kukaa mbele ya waandishi wa habari na kusoma majina ya wachezaji walioitwa. Kinyozi wake wa siku zote alikuwa amesafiri, ndiyo maana akajikuta kwenye kiti hiki asichokizoea, shuka limefungwa shingoni na mikono iko ndani.

"Sasa wakati inapoa," kinyozi alisema, "hebu niambie, kocha. Kijiko amekukosea nini?"

Juu ya kioo palikuwa na picha ya Kijiko, mshambuliaji wa Zambarau, imekatwa gazetini na kubandikwa. Gundi ilikuwa bado mbichi. Jina hilo alipewa kwa sababu kipa akitoka tu golini, jamaa huuchota mpira na kuupitisha juu ya kichwa chake, taratibu, kama anayetia sukari kwenye chai. Msimu huu alikuwa na mabao ishirini na moja. Na kwa misimu minne sasa, kila siku ya kutangazwa majina, mama yake alikuwa akikaa na redio mpaka jina la mwisho, halafu akaizima.

"Hajanikosea kitu," kocha alisema. "Ila ligi yetu ya ndani ni laini, ndugu yangu. Dakika ya sitini vijana wameshika viuno. Wanaocheza nje wanakimbizana kila wiki na watu wenye kasi."

"Wa nje!" Kinyozi alimgeukia mwalimu mstaafu aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye benchi, uso wote umefichwa na gazeti. "Mwalimu, umesikia? Beki wake wa kushoto huko nje ana miezi mitano anaota jua benchi. Mechi iliyopita alikimbia mara moja tu, alipokuwa anafuata maji ya kunywa. Huyo ndiye mwenye kasi!"

Gazeti la mwalimu lilitikisika kidogo.

"Kijiko anafunga kwenye viwanja vyenye mashimo, mpira unadunda kama sungura," kinyozi aliendelea. "Mpe uwanja wa kueleweka uone. Mimi nakwambia kwa uchungu, kocha. Yale matatu aliyowafunga Chungwa kwenye mechi ya watani, mpaka leo nikiyakumbuka sipati usingizi."

Kocha aliona kwenye kioo kwamba mtu huyu hatanii.

"Umewahi kwenda kumwona uwanjani?" kinyozi alimuuliza.

"Nimemwona kwenye video."

"Video!" Kinyozi aliishika mashine, akairudisha mezani. "Bado ya moto hii."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kocha alianza kutoka jasho chini ya shuka, na si kwa ajili ya nywele peke yake. Tangu apewe kazi hakuwa amekanyaga hata uwanja mmoja wa ligi ya ndani, na aibu ilikuwa inamtafuna.

"Kuna tatizo jingine," alisema kwa sauti ya chini. "Kambi inaanza Ijumaa. Jumamosi Zambarau wanarudiana na Chungwa. Nikimchukua, mashabiki watanila mbichi."

"Ijumaa asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Taifa kwanza." Kinyozi aliweka mkono kifuani. "Sisi wapenzi wa mpira tutavumilia. Mchukue. Na Mkato naye umchukue, yule anayempa pasi. Ukimchukua mmoja ukamwacha mwenzake, umebeba kiberiti bila njiti."

Kocha alitikisa kichwa kukubali.

"Unajua, umenigusa. Basi hata kipa wao nitamwita. Nikimlinganisha na wangu..."

"Hapana!" Kitana kilimponyoka kinyozi kikaanguka sakafuni. "Kipa achana naye. Wawili tu, kocha. Klabu moja ikitoa watatu, kanuni inasema mechi yake iahirishwe. Watu wameshakata tiketi, wengine wameomba ruhusa kazini. Tusivuruge ratiba za watu."

"Wewe mtu una busara," kocha alisema.

"Najitahidi."

Hapo hapo mashine ikapoa. Ndani ya dakika kumi upande wa kulia ulikuwa umelingana na wa kushoto, spiriti ikapakwa, poda ikapigwa shingoni, na kocha akatoka mbio huku akiandika kitu kwenye karatasi yake.

Saa kumi kinyozi na mwalimu walimwona kwenye televisheni ya pale kinyozini, kichwa kinang'aa. Alisoma wa nje wote, akakohoa, halafu akasema kwamba safari hii ameamua kuwa mkweli na kuitendea haki ligi ya nyumbani. Akasoma majina mawili. Bila shaka kuna redio moja mahali fulani ambayo siku hiyo haikuzimwa.

Kinyozi aliketi kwenye kiti chake mwenyewe na kulia. Yalikuwa machozi ya kweli, alilazimika kuyafuta kwa shuka la wateja.

"Misimu minne," alisema. "Misimu minne nimemwomba Mungu kijana huyu aitwe."

Alipanda juu ya stuli akaibandua ile picha kwa uangalifu. Kisha akafungua vifungo vya koti lake jeupe, kimoja kimoja.

"Mwalimu, Jumamosi tuwahi viti," alisema, akalitundika koti msumarini na kubaki na jezi aliyoivaa ndani tangu asubuhi, jezi ya Chungwa.