Mwonja Maji

Kila nyumba mjini ilikuwa na mwonja maji wake. Alfajiri bomba lilimpa kikombe kimoja, na wengine halikuwafungulia mpaka lisikie sauti yake ikisema, "Salama." Kwa kina Njelu, kazi hiyo ilimwangukia Mkiwa siku ile ile alipoolewa.

Maji yalikuwa magumu. Sabuni haikutoa povu, maharage yalishinda jikoni bila kuiva, na birika lilikuwa limeota gamba jeupe. Mkiwa aliyaonja miaka miwili. Leo, akiwa na mimba ya miezi minne, alimsogezea mumewe kikombe.

"Onja wewe, baba kijacho."

Njelu alicheka. "Maji ni maji tu, mke wangu."

"Mkamwana, unatuchelewesha chai!" mama mkwe alifoka.

"Basi kunywa wewe, mama. Si maji tu?"

Mama mkwe akainamisha uso. Njelu alikipeleka kikombe mpaka mdomoni, akakirudisha mezani bila kukigusa kwa ulimi. Hasira zikampanda Mkiwa hadi masikioni. Kumbe walijua siku zote kwamba maji yale si salama!

Akayamwaga maji miguuni mwao, asiseme "Salama."

"Mwonja maji," bomba likaita kwa upole, "tunasubiri."