Kisutu cha Kukanyagia

Shomari mvushaji alikuwa amezivika siti za mashua yake ngozi mpya, na alimfokea kila abiria aliyepanda, "Kanyaga kitambaa! Usinichubulie siti!"

Mwanahawa alikuwa wa mwisho. Mguu wake ukabaki hewani. Kitambaa kile chenye matope kilikuwa kisutu chake cha harusi, alichokisahau siku Shomari alipompa talaka.

"Unashangaa nini? Wenzako wamekanyaga."

Mwanahawa akakiokota, akamkung'utia matope usoni, akajitanda. Kisha akapanda juu ya siti na viatu vyake vya mchuchumio.

"Shuka hapo, mwanamke!"

"Njoo unishushe."

Lakini mkondo ulishaichukua mashua, na mikono ya Shomari yote miwili ilikuwa kwenye makasia. Mwanahawa akasimama vilevile mpaka ng'ambo, visigino vikizama taratibu ndani ya ngozi.