Setilaiti Zimepotoka

Nahodha Cândido alicheka redio ilipowaonya manahodha wasiziamini setilaiti.

"Meli yoyote iliyo karibu na kisiwa cha Macaloe," sauti ya mwanamke ilisema, "ishara za setilaiti zimepotoka tangu alfajiri. Skrini zenu zinawaonyesha mahali msipo. Hapa ni kituo cha bandari, Deolinda anazungumza."

Mvua ilikuwa imefunga kila upande. Kutoka kwenye usukani hata omo ya meli haikuonekana vizuri. Cândido alitazama vipokezi vyake viwili vya setilaiti. Vyote vilionyesha kwamba yuko kwenye maji marefu, kisiwa kikiwa mbali upande wa kulia. Akabonyeza redio, akamwambia menina huyo, kisichana tu kwake, arudi jikoni kwao, kwani vipokezi viwili vinakubaliana kwamba kisiwa kiko mbali kuliani.

"Vyote vinasikiliza setilaiti zilezile, Senhor Comandante," Deolinda alijibu kwa upole. "Zikipotoka, vitapotoka pamoja."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Akauliza kituo kimejuaje. Deolinda akaeleza kwamba antena yao imesimikwa kwenye zege, haiendi popote, lakini tangu alfajiri ishara zinaionyesha ikiwa baharini. Kwa upotofu huo, meli imeshakipita kisiwa na mbele yake kuna miamba. Ageukie kulia, aingie mkondo ulio kati ya kisiwa na bara, ambao mlangoni una kina kidogo. Kama hasadiki, azime injini asikilize: jenereta ya kiwanda cha barafu, huko bara, itasikika kuliani.

Bashiru, msaidizi wake, alishauri watie nanga tu mpaka mvua ikatike. Cândido alikataa. Alimdharau Bashiru kama alivyowadharau watu wote wa pwani hii. Msimu mzima alikuwa akizima kifaa kinachoitambulisha meli, anakokota wavu wake mpaka karibu na kisiwa, anazirarua nyavu za wenyeji. Bashiru alipolalamika, aliambiwa kwamba wanaovua kwa matambara wasilie yakichanika. Na kutia nanga hapa kungempa fiscal, mkaguzi wa uvuvi, nafasi ya kumkuta.

Alizima injini. Kuliani, ndani ya mvua, jenereta ilikuwa ikinguruma.

Cândido akatabasamu. Manahodha wajinga leo wataziamini skrini zao, yeye kosa ameligundua. Akawasha injini, akageuza meli kulia.

Bashiru alisoma kina cha maji, akasema kinapungua. Muda mfupi baadaye akasema tena.

"Kituo kimeshasema mlangoni pana kina kidogo," Cândido alimwambia. "Wewe utajua kuliko bandari?"

Meli ikatetemeka, ikaupanda mchanga, ikalala ubavu.

Mvua ilipopungua, hapakuwa na kiwanda wala bara. Ulikuwa ufuko wa Macaloe, umejaa watu waliokuwa wakingoja, fiscal akiwa katikati yao. Jenereta ilikuwa ndani ya mtumbwi, na skrini zilikuwa zimesema kweli tangu alfajiri.

Cândido alinyakua redio, akamwita Deolinda alete msaada upesi.

"Tumeshafika, Senhor Comandante," sauti ilijibu, na aliisikia mara mbili: ndani ya spika, na kutoka kwa mwanamke aliyesimama majini mpaka magotini, redio mkononi.