Uchovu wa Nyamizi

Siku hizi msafiri hachoki. Uchovu wake hubebwa na mtu wa nyumbani aliyekubali kuubeba. Nyamizi aliupanda mlima Sekenke kwa baiskeli, peke yake, juani, na miguu yake isihisi kitu. Kileleni akampigia simu mumewe, Maganga, aliyebaki Tabora. Akapokea mama mkwe.

"Amelala, mwanangu. Leo hata kikombe kimemshinda."

"Amesema nirudi, mama?"

"Amesema uendelee. Mimi ndiye ninayekuomba upumzike."

Nyamizi akakaa kando ya barabara. Alijua anapaswa kulia, lakini moyo nao ulikuwa umekufa ganzi. Kwenda mbele kungemuumiza Maganga. Kurudi kungemuumiza zaidi, maana Tabora ilikuwa mbali kuliko Singida. Jua lilipopunguza makali akapanda baiskeli, akanyonga polepole kuelekea Singida.