Mbavu Zinazoelea

Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hizi za chini kabisa, mama, tunaziita mbavu zinazoelea. Nyuma zimeshikwa na uti wa mgongo, lakini mbele hazijashikana na kitu. Hii ya kushoto imevunjika."

Lorraine alikuwa amekaa kitandani, kiwiko kimebana ubavu, akivuta pumzi kidogokidogo.

"Aliteleza bafuni," mume wake akadakia. "Nimeshamwambia awe mwangalifu, hasikii."

Daktari akaitazama picha tena. "Bafuni? Mbavu hizi hazivunjiki ovyo. Misuli inazifunika."

"Haswa!" Mume akacheka. Alikuwa kocha wa ngumi pale mjini Youngstown, na somo hilo alilipenda mno. "Ndiyo nawaambia vijana wangu kila siku! Ukipiga juu unaumiza mkono bure. Pinda goti, shuka, halafu ngumi itoke chini hivi..."

Akaonyesha. Lorraine akajikunja ghafla, magoti kifuani, mikono yote miwili imefunika ubavu.

Ngumi ikabaki hewani.

Daktari akaishusha picha polepole. "Bwana, naomba utupishe kidogo."

"Ah, si nilikuwa naeleza tu! Lorraine, mwambie."

Lorraine akashusha miguu, akanyoosha gauni lake la hospitali juu ya magoti. Hakumtazama yeyote.

"Mwache akae, daktari," alisema. "Ndiye atakayenirudisha nyumbani."