Nipe Mji

Karani wa uhamiaji aliirudisha fomu chini ya kioo kwa ncha ya kalamu, kama anayesukuma mende.

"Ada imepanda leo. Uliyolipa juzi hairudi. Lipa upya, au Ijumaa utoke kwenye mji huu."

"Nimezika mume hapa, mwanangu," alisema Bi Zamda.

"Mimi si mwanao. Na kaburi si kibali."

Bi Zamda alitoa noti yake ya mwisho, akaibana kiganjani.

"Kitendawili!"

Karani alivuta fomu nyingine. Foleni nzima ikamjibia: "Tega!"

"Kila siku namlisha, kila siku ananiuliza mimi nani."

"Sina muda wa michezo ya watoto."

"Hajui huyo!" mtu akacheka. "Atoe mji!"

"Umeshindwa, baba. Nipe mji."

Karani akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nakupa ule uliotoka. Haya, nenda."

"Huo siutaki. Nipe huu."

Akaipitisha noti chini ya kioo. Karani akaishika ncha, akavuta. Bi Zamda hakuiachia. Noti ikakazana kati yao, na huko nyuma foleni ikaanza kumtajia karani mitaa ya mji aliouomba Bi Zamda, mmoja baada ya mwingine.